Joho la Akina Tresmond

Ledi Lavinia Tresmond aliliweka joho jekundu mezani kwa Edith, fundi cherehani. Baba yake Ledi, aliyezikwa wiki iliyopita, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia nalo katika Baraza la Malodi, bunge la Uingereza la mabwana wasiochaguliwa kwa kura. Kiti kile cha urithi hapewi binti.

"Likate, Edith, unishonee koti. Nagombea ubunge. Nitapita nyumba kwa nyumba na mvua hii."

Edith akafumua bitana. Akakuta nyuzi za mama yake, na chini yake nyuzi za bibi yake, waliolipanua na kulipunguza kila alipotawazwa bwana mpya.

Ledi Lavinia akanyoosha mikono apimwe, kama baba na babu yake walivyosimama palepale. Edith akamzungushia futi kifuani.

"Tumewashonea miaka tisini, Ledi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kutuomba kura."

Ledi Lavinia akacheka kidogo. "Mbona siku zote mnawapigia wagombea wa chama chetu?"

"Nani kakwambia?"

Kicheko kikakatika. Mikono ya Ledi ilikuwa ingali hewani, hajui aishushe au aiache. Edith alishika ncha zote mbili za futi, akisubiri aombwe.