Pilau ya Mto Mzima

Ifakara kila nyumba ilipewa kipande chake cha mto. Kompyuta ya jikoni ilipiga hesabu ya jinsi maji ya kipande hicho yatakavyokwenda mwakani, na joto lake ndilo lililopikia. Taabu ni kwamba kila kompyuta ilipoa ikingoja majibu ya kipande cha jirani, basi sufuria za mtaa mzima zilichemka kwa kwikwi.

Siku ya harusi ya Semeni, majirani walimwazima mama yake, Bi Zena, vipande vyao vyote.

"Chukua mto mzima, shoga," alisema Mama Chausiku. "Leo sote tunakula kwako."

Bongo zote za kompyuta yake zikafanya kazi pamoja, bila kungoja mtu. Pilau ikachemka mfululizo, na Bi Zena akacheza na mwiko mkononi.

Kisha jiko likapoa lenyewe. Pilau ilikuwa imeiva barabara.

"Leo umejua kupima moto," Mama Chausiku akamsifu.

Bi Zena alitazama kioo cha kompyuta. Hesabu ilikuwa imefika katikati ya masika ya mwakani, na mtoni hapakuwa na maji tena ya kuhesabu. Akakifunika kwa khanga, akaanza kupakua, kila sahani akiijaza kuliko alivyokusudia.