Beji ya Zamoyoni

Tangu beji zianze kupandisha watu vyeo, hakuna karani aliyelazimika tena kwenda kumenya viazi kwenye harusi za watoto wa bosi. Beji ilikaa kifuani, ikasikiliza unavyomhudumia mwananchi, na hata unavyoishi na watu wa nyumbani kwako, kisha ikaamua yenyewe.

Jioni hiyo beji ya Zamoyoni ilimtangaza kuwa afisa ardhi mwandamizi. Kabla ya beji, miaka nenda rudi alikuwa akirukwa na wapwa wa wakubwa. Sasa alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Hongera, mke wangu kipenzi," alisema mumewe, Mbaraka, akimpakulia wali.

"Ahsante kwa kunivumilia, mume wangu."

Aliyepanda cheo aliruhusiwa kupumzika siku moja bila beji. Zamoyoni akaibandua, akaizima, akaifungia kabatini, akarudi akicheka.

"Haya, Baba Chausiku, imezimwa! Nigombeze basi kama zamani. Si nimeunguza sufuria yako asubuhi?"

Mbaraka alitabasamu, macho yake yakiwa kifuani pa mkewe, pale beji ilipozoea kukaa.

"Haina neno, mke wangu kipenzi," akajibu, kwa sauti ileile.