Waitikiaji wa Bi Mwanasha

Bi Mwanasha alitwanga mara tatu, akaimba beti mbili, kisha akanyamaza. Wanafunzi wa taasisi ya lugha walisubiri, kalamu mkononi, kanda ikizunguka kwenye kinasa sauti.

"Malizia, mama," mkurugenzi alimhimiza. "Kimebaki kiitikio tu."

"Kiitikio si changu. Wimbo wa kutwanga una mwenye kuanza na wenye kuitikia. Wenzangu mmewazuia getini."

"Hawajaandikishwa. Hapa ni darasani."

"Miaka minne mnafundisha watu nyimbo zetu. Sisi tukaomba mtufundishe kusoma, mkasema nafasi zimejaa." Akatupa macho kwenye viti vitupu vya nyuma. "Naona zimejaa kweli."

Mkurugenzi alichukua kanga mpya aliyomwandalia zawadi, akamtandia begani. "Hayo tutayazungumza siku nyingine. Leo tuimbie."

Bi Mwanasha aliivua kanga ile, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti kimoja kitupu. Akautia mchi kwapani, akakilaza kinu chake na kukiviringisha hadi nje, mahindi yakimwagika sakafuni. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Haukupita muda, mchi ukasikika getini. Ikafuata sauti yake, kisha sauti za wanawake wengi zikaitikia kwa pamoja.

Mkurugenzi alikimbilia dirisha la kwanza, akalifunga kwa kishindo. Alipofika la pili, alimkuta mwanafunzi mmoja amesimama mbele ya dirisha hilo, mikono kifuani, hasogei.