Fundo la Pili

Ngedere hakuwa mvivu, ila pupa ilimzidi. Kwa Mnana, fundi wa kusuka viota, alikoanza kujifunza, kila mwanagenzi alifunga fundo lile lile moja msimu mzima. Ngedere akachoka, akaenda kuchimba na Fuko, kisha kurina asali na Nyegere. Kote hakukaa.

Uzeeni akarudi. Akamkuta Chiriku, waliyeanza naye siku moja, ndiye fundi mkuu.

"Mwenzangu, ulifanyaje?"

"Nilibaki tu, ndugu yangu. Ulipoondoka, kesho yake tukafundishwa fundo la pili."

Ngedere akaketi kando yake. "Naweza kuanza tena?"

"Karibu. Lakini la kwanza bado ni msimu mzima."

Akapokea unyasi, akafunga. Fundo likatoka safi, kana kwamba aliacha jana tu. Hilo ndilo lililomliza.