Nyumbani, Karibu na Jiko

"Niambie uko wapi, Bwana Stenberg."

"Nyumbani." Sauti ya mzee ilikuja nyembamba kwenye hedifoni. "Nimeanguka hapa karibu na jiko. Mguu haunyanyuki, na damu haikomi, mwanangu."

Kazi ya Darla ndiyo hiyo: mzee yeyote nchini akibonyeza kitufe cha dharura alichovaa shingoni, yeye ndiye anayepokea. Kompyuta ilimwonyesha anwani ya Sioux Falls, Dakota Kusini, na gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Kilichobaki ni kutomwacha mzee peke yake. Hapo ndipo hofu ilipomshika, kwa sababu upepo wa jangwa la Arizona ulikuwa unalitikisa dishi la intaneti juu ya paa la nyumba yake ya magurudumu, na mtandao unakuja na kuondoka. Mabosi wake waliamini anafanyia kazi sebuleni, katika nyumba isiyohama.

Mlango ulikwaruzwa. Ni Rufus, mbwa wa trela ya manjano iliyoegeshwa jirani. Huku jangwani watu hujuana kwa mbwa wao, na jirani huyo Darla alimjua kama Baba Rufus, basi. Jana Darla alimpa neno la siri la intaneti yake na kipande cha keki; leo mbwa naye amekuja kudai chake.

Alifunika maikrofoni kwa kiganja. "Toka, Rufus! Nenda kwenu!" Akafunga dirisha.

Mtandao ukakatika. Ukarudi.

"Bwana Stenberg! Upo?"

"Nipo. Wewe ndiye uliyepotea." Mzee alihema. "Usiniache. Naogopa."

"Siendi popote, mzee wangu."

Taa ya laini ya pili ikawaka. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, kachukia.

"Dada, umetutuma wapi? Hapa hakuna mtu aliyeanguka. Hii ni ofisi ya masanduku ya barua, ukuta mzima!"

Darla aliijua ofisi hiyo. Sanduku lake mwenyewe lilikuwa humo, na leseni yake ya udereva ilibeba anwani hiyo hiyo, ingawa katika mji wenyewe alilala usiku mmoja tu. Serikali inataka anwani. Wanaoishi barabarani wanaikodi. Kumbe mzee huyu naye nyumba yake ina magurudumu, na Marekani ni kubwa.

"Bwana Stenberg, umeegesha wapi? Jimbo gani?"

Dishi liliyumba. Alisikia nusu ya neno, kisha kimya.

Alisubiri. Kimya. Mtu anakufa sakafuni, na yeye kakaa hapa anatazama kioo cha kompyuta kilichoganda! Kule kilimani simu ya kawaida hushika vizuri. Angempigia mzee kutoka huko. Alirukia usukani, hedifoni ikiwa bado masikioni, bila hata kukunja turubai ya kibarazani. Akawasha injini.

Rufus alikuwa amesimama mbele ya gari, anabweka kama kichaa.

Darla akaibana honi kwa nguvu zake zote. "Pisha, we mbwa!"

Sauti ikarudi masikioni mwake, imefifia mno.

"Mwanangu... bado upo?"

"Nipo! Nahamia penye mtandao mzuri, dakika chache tu. Usilale, tafadhali. Niambie uko wapi."

"Sawa, ila fanya haraka." Alinyamaza kidogo, kama anayesikiliza kitu. "Jirani yangu anapiga honi, nadhani anahama. Na intaneti hii ni yake, yule mama wa keki. Nilimtuma mbwa akamwite. Naona hakufika."