Ubao wa Nether Thrupple

Desmond Pargeter alifika wa kwanza, akaukuta ubao mbele ya kanisa umefunikwa kwa kitambaa cha meza cha Bi Hettie, chenye doa la jemu.

Miaka kumi na tisa aliihangaikia historia ya Nether Thrupple, na historia yenyewe, jamani, ilihitaji kubembelezwa. Upande wa kushoto, WANA WA KIJIJI: mwanamke aliyelima kabichi lililomshinda mbuzi kwa uzito, na fundi saa aliyebuni mtego wa panya ukamvunja kidole. Upande wa kulia, WAPITA NJIA MASHUHURI: askofu aliyejikinga mvua robo saa, na jenerali aliyeuliza njia akapotezwa. Basi, wameisha.

Mstari mmoja tu kamati ya ubao ilimficha. Bi Hettie, mwenyekiti wa kamati, alipofika, Pargeter alikuwa roho mkononi.

“Bi Hettie, niambie kweli. Jina langu lipo?”

Bibi huyo wa miaka themanini na minane akashusha pumzi. “Lipo, Bwana Pargeter. Tulia, utapasuka bure.”

Machozi yakamlengalenga. Mzee mzima wa miaka sabini na mitatu, analilia ubao! Akajicheka mwenyewe, akapenga kamasi.

Watu wakaanza kujaa. Nyuma kabisa wakasimama mtu na mkewe kutoka London, walionunua nyumba ya kinu cha zamani cha kusagia unga.

“Waone hao,” Pargeter akanong'ona. “Hata mwaka hawajamaliza, ushasikia ‘kijiji chetu, kijiji chetu’. Wageni wamezidi!”

“Tumezoea,” akajibu Bi Hettie, akimpapasa mkono. “Tunawavumilia tu, tutafanyaje?”

Alf wa baa akapita na trei ya bia. “Aa, Bwana Pargeter! Bado upo?”

Utani uleule wa kila Jumamosi. Pargeter akacheka, kama kawaida yake.

Kitambaa kikavutwa, makofi yakalia. Pargeter akavaa miwani, akaanza kushoto: kabichi, mtego wa panya, mwisho. Akarudia tena, polepole, maana huenda miwani ilikuwa chafu.

Kisha akahamia kulia. Askofu. Jenerali. Na chini yao, kwa herufi za dhahabu:

“Desmond Pargeter wa Over Thrupple, maili mbili kutoka hapa. Alipita mwaka 1983. Bado hajaondoka.”