Boila ya Papa Léopold

Maman Cibalonza aliweka kiti mbele ya mlango wa stoo, akaketi, akaufumbata ufunguo mkononi. Mwanawe Elysée alisimama uani, katoni kubwa ya boila mpya ya kuchemshia maji miguuni pake. Fundi Fabien alikuwa pembeni na mfuko wake wa vyombo, akitazama ziwa kwa mbali ili asionekane anasikiliza.

"Maman, hii boila imekufa," Elysée alisema.

"Baba yako ndiye alikufa. Boila iko muzima."

Elysée alimkumbusha kwamba tangu msiba, wiki sita sasa, mama alikuwa akioga maji baridi, na asubuhi za Nyalukemba hazimwonei huruma mtu wa miaka sabini. Mama akajibu kwamba boila ilinyamaza asubuhi ileile Léopold alipopelekwa hospitali. Aliingia stoo kesho yake, akafungua bomba lake, likawa kavu. Basi nayo iko katika matanga. Ikimaliza kulia itaamka.

Fabien alikohoa ili asicheke.

Kabla ya hapo, hakuna aliyewahi kuigusa boila ile ila Léopold mwenyewe. Aliinunua mwaka waliooana, baada ya dada zake wa kijijini Nyantende kusema kwamba msichana huyu wa mjini hataweza hata kupuliza moto. Léopold akaapa mbele yao wote: mke wake hatapuliza moto ili aoge, si leo, si uzeeni. Na kweli. Kila alfajiri alijifungia stoo kuiamsha boila yake, kisha akatoka na ndoo inayofuka mvuke, macho mekundu ya usingizi, akaitua kwenye mlango wa bafu, maana bomba la kufika huko lilioza zamani.

"Ya kwako hii, maman," alikuwa akisema. Basi.

"Na hiyo ya katoni," Cibalonza aliendelea, "courant ikienda itanipa nini? Hii ilinipa maji ya moto hata juma zima Nyalukemba iko giza bila umeme. Muulize Bintu, yeye alikuwa anaoga baridi."

Elysée hakuthubutu kumuuliza Bintu kitu. Jirani huyo wa ukuta mmoja hakuwa amesalimiana na mama yake kwa miaka mitatu, tangu Cibalonza alipomwambia usoni kwamba ndiye mwizi anayewachotea makala, mkaa wao wa kupikia. Nyumba ya wazee wawili, gunia zima haliwezi kuisha kabla ya mwezi.

Fabien ndiye aliyepata neno. "Maman, sikuja kuitoa. Acha niifungue tu. Kama ni waya moja imekatika, nitaiunga, na katoni itarudi kwenye duka."

Cibalonza alimgeukia. Tangu msiba, huyu alikuwa mtu wa kwanza kusema kutengeneza badala ya kutupa. Akasimama, akampa ufunguo.

"Ukiiharibu, mimi na wewe tutaonana."

Stoo ilikuwa na giza na dari jeusi. Fabien aliigonga boila kwa kidole, akatega sikio, akaigonga tena chini zaidi.

"Papa alikuwa anamuita fundi gani?"

"Hakuna. Haikuharibika hata siku moja," Cibalonza alijibu toka mlangoni.

Fundi alifungua misumari ya skrubu ya kifuniko, mmoja mmoja. Ilitoka kirahisi, kama kitu kinachofunguliwa kila siku. Akakishusha kifuniko chini, akabaki ameduwaa na bisibisi mkononi.

"Maman. Njoo uone."

Tangi lilikuwa limekatwa kwa msumeno, na kutu ilikuwa imekwisha kula mahali pa mkato kwa miaka mingi. Ndani hamkuwa na maji wala waya. Mlikuwa na mbabula, jiko dogo la makala, sufuria nyeusi toka chini hadi juu, kiberiti kimefungwa ndani ya nailoni kisilowe, na nusu gunia la makala.

"Elysée," Cibalonza alisema bila kugeuka, "rudisha hiyo katoni."

Kisha akajitwika gunia hilo la makala kichwani, akavuka ua, akaenda kugonga kwa Bintu.